Kwa walioshika rimoti

Barua ya wazi kwa wakuu wa ofisi, mameneja wa matawi ya benki na wenye maghorofa wa Dar es Salaam

Waheshimiwa,

Naandika barua hii Februari. Kaskazi inavuma kivivu na masika hayajaingia. Nje ni nyuzijoto 32 kivulini. Ndani ya ofisi zenu ni nyuzi 18, na wafanyakazi wenu wamevaa masweta.

Hili halihitaji utafiti wa mtu. Ingieni tawi la benki lolote kati ya Posta na Kariakoo saa tano asubuhi, mtazame waliokaa upande wa pili wa kioo. Dada anayehesabu fedha amejitanda mtandio juu ya sare. Jirani yake amevaa koti ambalo si la heshima ya kazi, ni la kuzuia baridi. Fungueni droo za meza katika ofisi za umma na za watu binafsi: chini ya mafaili mtakuta khanga iliyokunjwa, soksi, na pakiti ya dawa za mafua. Kisha geukeni mtazame foleni. Mzee aliyekuja kufuatilia pensheni ametoka Gongo la Mboto kwa daladala, shati limelowa jasho mgongoni, na sasa ameketi chini ya mashine inayompulizia mgongo huo huo uliolowa. Mama amemfunika mtoto mchanga kwa khanga mpaka puani. Mlinzi wa mlangoni ana taabu yake peke yake: kila mlango ukifunguliwa anapigwa joto usoni na baridi kisogoni, kutwa nzima.

Nawaandikia ninyi badala ya wizara kwa sababu rimoti mmeishika ninyi. Katika ofisi nyingi za jiji hili rimoti ya kiyoyozi haikai mahali pa wote. Inakaa kwa bosi, au kwa mtu wa utawala aliyeagizwa na bosi, na kuna mahali nimeiona imefungiwa kwenye kisanduku chenye kufuli. Anayethubutu kuomba nyuzi zipandishwe huambiwa alete sweta. Sioni kwamba hapo tunazungumzia hali ya hewa. Baridi imekuwa cheo. Ofisi ya mkubwa ni baridi kuliko ya mdogo, chumba cha mikutano ni baridi kuliko mapokezi, na mgeni anayetetemeka huchukuliwa kuwa amefika mahali penye hela.

Nieleweke vizuri. Mimi si adui wa kiyoyozi. Najua Februari ya Dar es Salaam ilivyo: usiku nyuzi hazishuki sana chini ya 25, unyevu umejaa hewani, na katika vyumba vya bati vya Manzese na Tandale watu wanageuka kitandani mpaka alfajiri. Chumba cha upasuaji kinahitaji kupozwa. Dawa zinahitaji, sava zinahitaji, na mwandishi wa hesabu aliyekaa ghorofa ya 12 nyuma ya kioo kinachotazama magharibi anahitaji pia. Lee Kuan Yew, aliyekuwa waziri mkuu wa Singapore kuanzia 1959 hadi 1990, aliwahi kusema kwamba bila kiyoyozi nchi yake isingefika ilipofika, na kwamba miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyofanya ni kuvifunga viyoyozi katika majengo ya watumishi wa serikali. Namwamini. Mtu hafikiri vizuri akiwa anachuruzika jasho juu ya karatasi.

Lakini Singapore hiyo hiyo imetupa somo la pili ambalo halitajwi sana. Mwaka 1991 mtafiti Richard de Dear na wenzake walichapisha utafiti ambamo waliwauliza watu wa huko wanajisikiaje walipo. Waliokuwa katika nyumba zenye hewa ya asili walijisikia sawa karibu na nyuzi 28. Waliokuwa katika ofisi zenye viyoyozi walijisikia sawa karibu na 24, ila ofisi zao zilikuwa baridi kuliko hapo na wengi walikuwa wakisikia baridi. Zaidi ya miaka 30 imepita, nasi tuko kwenye hali hiyo hiyo, ila sisi tumeshuka zaidi.

Hiyo 18 ilitoka wapi? Povl Ole Fanger, mhandisi wa Denmark, alichapisha mwaka 1970 kitabu kuhusu namna mwili unavyostarehe katika joto na baridi, na fomula zake zikaingia katika viwango ambavyo wahandisi wa majengo hufuata duniani. Fomula hizo zinahitaji kujua mwili uliokaa unazalisha joto kiasi gani, na kipimo kilichowekwa kilitokana na mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba kipimo hicho kinaweza kuzidisha joto linalotoka katika mwili wa mwanamke kwa hadi asilimia 35. Yaani chumba kinapimwa kwa baba, anakaa dada. Ongezeni kwamba baba amevaa koti na tai, dada amevaa blauzi nyepesi, na kwamba baba ndiye mwenye rimoti.

Hata hivyo tusimsingizie Fanger. Viwango hivyo vikifuatwa ipasavyo kwa mtu aliyevaa nguo nyepesi za ofisini, vinaangukia mahali fulani kati ya nyuzi 23 na 27. Hakuna kitabu cha uhandisi kilichowaambia muweke 18. Hiyo ni yetu wenyewe.

Kama hoja ya huruma haiwagusi, labda ya kazi itawagusa. Mwaka 2019 watafiti Tom Chang na Agne Kajackaite walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Berlin: waliwapa wanafunzi zaidi ya 500 mitihani ya hesabu na ya maneno katika vyumba vyenye joto tofauti. Kadiri chumba kilivyokuwa na joto, wanawake walifanya vizuri zaidi. Wanaume walishuka kidogo, na walichopoteza kilikuwa kidogo kuliko walichopata wanawake. Sasa hesabuni wanawake walioko kwenye madirisha ya huduma, kwenye masijala na kwenye vitengo vyenu vya uhasibu, mwone mnapoteza nini kila siku ili mtu mmoja akae na koti.

Nimezungumza na mafundi AC kadhaa kuhusu jambo hili, na wote hucheka kabla ya kujibu. Kosa la kwanza, wanasema, hutokea siku ya kununua. Chumba kinachotosheka na mashine ya BTU 9,000 hufungiwa ya 18,000 ili "ipige". Watu hawajui kwamba kiyoyozi kina kazi mbili, kupoza hewa na kuikausha, na hiyo ya pili ndiyo inayotupa nafuu kubwa sisi watu wa pwani. Mashine kubwa kupita chumba hufikia baridi iliyoagizwa haraka, ikazima kabla haijakamua unyevu wa kutosha. Kinachobaki ni hewa ya baridi yenye unyevu, ile inayonata mwilini na kufanya karatasi zilegee. Bosi anasikia hali si nzuri, anashusha nyuzi tena. Tatizo lilikuwa maji hewani, yeye analitibu kwa kuongeza baridi.

Kosa la pili ni imani kwamba ukiweka 16 chumba kitapoa upesi kuliko ukiweka 25. Kwa mashine za kawaida, zisizo za inveta, si kweli hata kidogo: kompresa ina mwendo mmoja, inawaka au inazima. Namba ya kwenye rimoti inaiambia lini iache, haiiambii ikimbie. Aliyeweka 16 hajapoza chumba haraka. Ameiambia tu mashine isipumzike. Kosa la tatu ni chujio. Chujio lililojaa vumbi la Dar es Salaam linabana hewa, mashine inahangaika, na badala ya kuliosha kwa maji, kazi ya robo saa, tunashusha nyuzi.

Na gesi. Ofisi nyingi zina desturi ya kumwita fundi kila mwaka "kujaza gesi" kama wanavyojaza mafuta kwenye jenereta. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake inavuja. Gesi ya R-410A, ambayo iko katika mashine nyingi mlizonazo, kilo yake moja ikiingia angani inapasha joto dunia sawa na zaidi ya tani 2 za hewa ukaa. Mkataba wa kupunguza gesi za aina hiyo ulikubaliwa na mataifa ya dunia hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016. Sihitaji kuwahubiria. Mwambieni fundi atafute tundu kwanza, ndipo ajaze.

Sasa twende nje, maana kuna watu mnaowapelekea joto bila wao kuliomba. Kiyoyozi hakiui joto. Kinalichukua ndani, kinaongeza lile la kompresa yenyewe, na kulitupa upande wa pili wa ukuta. Upande wa pili wa ukuta, kwenye vichochoro vya Kariakoo na nyuma ya maghorofa ya Samora, kuna machinga wa mikanda ya simu, kuna mama lishe, kuna kijana wa bodaboda anayesubiri abiria. Mashine kumi zimepangwa juu ya vichwa vyao zikipumua hewa ya moto, na zikishapumua zinawadondoshea maji. Kila mkazi wa jiji hili amewahi kudondokewa na tone la AC shingoni akatazama juu kudhani ni mvua. Bomba la plastiki la kupeleka maji hayo kwenye mtaro ni rahisi kuliko kiti kimoja cha mapokezi yenu.

Umeme ulipokuwa wa mgao, tulisikia majenereta yenu yakinguruma kuokoa nyuzi 18 huku saluni na mashine za kusaga zimelala. Leo bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na nimesikia hoja kwamba basi tule raha. Bili bado inalipwa. Mamlaka ya India inayosimamia matumizi bora ya nishati inakadiria kwamba kila uzi mmoja unaoupandisha unaokoa karibu asilimia 6 ya umeme wa kiyoyozi; ndiyo maana tangu Januari 2020 viyoyozi vya majumbani vinavyouzwa huko vinatakiwa kuwaka kwenye nyuzi 24 vikiwashwa, mpaka mtumiaji mwenyewe abadilishe. Kutoka 18 hadi 25 ni nyuzi saba. Pigeni hesabu hiyo kwa jengo la ghorofa 20.

Na kuna pangaboi. Sijui tulimkosea nini pangaboi hata tukamfukuza ofisini. Feni ya dari inakula wati 50 hadi 75. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakula karibu 1,000. Hewa inayotembea juu ya ngozi huondoa joto hata kama yenyewe haijapozwa, na mwendo mdogo tu unatosha kumfanya mtu aliye katika nyuzi 27 ajisikie kama yuko kwenye 25 au chini yake. Vikitumika pamoja, kiyoyozi kinakausha na feni inapeperusha, na hakuna anayehitaji khanga kwenye droo. Lakini feni inaonekana ya kimaskini, si ndiyo? Nimeona jengo jipya la ofisi ambalo feni zilitolewa kwenye michoro kwa sababu hiyo.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni madirisha, hasa kwa wenzenu wanaoendesha zahanati na hospitali binafsi. Viyoyozi vingi tulivyonavyo, vile vya ukutani, haviingizi hewa mpya. Vinaichukua hewa ya chumba, vinaipoza, vinairudisha. Wagonjwa 30 katika chumba cha kusubiri kilichofungwa wanavuta pumzi za wagonjwa 30. Kifua kikuu hakijaondoka nchini mwetu, na kinasafiri kwa hewa. Mwaka 2007 watafiti walipima hospitali za Lima, Peru, wakakuta kwamba wodi za zamani zilizojengwa kabla ya 1950, zenye dari za juu na madirisha makubwa, zikifunguliwa zilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa, hata vile vilivyokuwa na mashine za kupitisha hewa. Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake kuhusu hewa ya asili katika vituo vya afya mwaka 2009. Hapa kwetu, hospitali ya Ocean Road ambayo Wajerumani waliijenga mwaka 1897 ina veranda ndefu na imekaa ufukweni kuupokea upepo. Waliomfuata mchoraji wake kwa vioo visivyofunguka walidhani wamepiga hatua.

Wasanifu nao wana lao la kujibu, ingawa barua si yao. Jiji lipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, na mwaka mzima ukuta unaoumia ni wa mashariki na wa magharibi. Mafundi waliojenga nyumba za mawe Zanzibar na Lamu hawakuhitaji kuambiwa: kuta nene za matumbawe, vyumba vyembamba kufuata urefu wa boriti, ua wa katikati, vichochoro vilivyobanana hata jua lisifike chini. Msanifu Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, aliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini ili mvua ikingwe na hewa ipite, na umati wa watu ukafanya biashara humo bila mtu kutafuta rimoti. Sisi leo tunaagiza sanduku la vioo lililochorwa kwa ajili ya Ulaya yenye baridi, au tunaiga Dubai, ambako wakati wa kiangazi joto linavuka nyuzi 40. Letu ni 32. Hatuna joto la Dubai, tuna vioo vya Dubai.

Narudi kwenye koti, kwa kuwa naamini baridi yote hii imeshonwa kwenye koti. Mnapovaa suti ya sufu Februari mnahitaji 18 kweli. Siwalaumu kwa hilo. Nalaumu kanuni inayosema kwamba bila koti huheshimiki. Haikuwa hivyo siku zote. Mwalimu Nyerere na mawaziri wake walionekana sana katika suti zisizo na tai, na nchi iliendeshwa. Japani, nchi ya watu wa koti kweli kweli, ilianzisha mwaka 2005 kampeni ya Cool Biz chini ya waziri wa mazingira Yuriko Koike: ofisi ziwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi, tai na makoti yavuliwe. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi alijitokeza hadharani bila tai ili wadogo wasiogope. Wengine walilalamika kwamba 28 ni nyingi, na mimi ningelalamika pia. Lakini aliyeanza kuvua ni mkubwa, na hapo ndipo siri ilipo. Karani hawezi kuanza. Majirani zetu Kenya wameelekea upande mwingine: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, koti wanalihitaji. Mombasa na sisi tunafuata nini?

Basi ombi langu. Wekeni 25, mkishindwa 24, na mrudishe feni. Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na asubuhi zikishuka karibu na 19, zimeni mashine mpaka saa nne na mfungue madirisha yanayofunguka; katika miezi hiyo hewa ya nje ni nzuri kuliko mnayoinunua. Tangazeni kwa waraka kwamba shati la mikono mifupi au la kitenge ni vazi la kazi, na mkuu alivae yeye kwanza, Jumatatu, siyo Ijumaa. Tundikeni kipimajoto ukutani mahali mteja anapokiona. Kwenye mabasi ya mikoani abiria wameshajifunza kubeba shuka la Kimasai kwa safari ya mchana, nao wenye mabasi wakisoma haya wajihesabu humu.

Najua mtakachosema: mteja mkubwa atalalamika kwamba kuna joto. Atalalamika, ndiyo, dakika tano za kwanza, akiwa ametoka kwenye gari la nyuzi 17. Mpeni maji na kiti kilicho chini ya feni. Wale wanaokaa humo saa nane kwa siku hawajawahi kuwekewa kitabu cha malalamiko kuhusu baridi, ndiyo maana mnadhani hawana.

Nikiruhusiwa swali moja tu, na mkinijibu hadharani kama nilivyouliza, ni hili: katika ofisi yako, mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote anayeruhusiwa kugusa rimoti ni nani?

Wasalaam,
Mteja wenu wa foleni, Temeke